Aliyeimba Kabatini

Katika kijiji chetu cha Gorna Yasika hajazaliwa mwanamke wa kunishinda kuimba. Nasema hivyo bila wasiwasi, kwa sababu wote waliokuwa na haki ya kubisha wamelala kwenye mteremko nyuma ya kanisa, na aliyebaki hai, Mitra wa kinuni, ni kiziwi. Na hata huyo, akiniona tu nimefungua mdomo barabarani, hufunga dirisha.

Isitoshe, kama nilikuwa hodari, nilikuwa hodari nusu. Huku kwetu mtu haimbi peke yake. Ukiimba peke yako majirani wanadhani umepotelewa na ndama. Lazima awepo anayeita na awepo anayeburuta. Anayeita hutangulia na maneno, anayapandisha, anayakata, anayatupa ng'ambo ya bonde. Anayeburuta anashika sauti moja chini ya mwenzake, eee, nzito, iliyonyooka, wala haiachi, kama mtu anayeshika ngazi wakati mwenzake yuko juu ya paa. Sauti hizo mbili hukaa karibu mno mpaka zinasuguana, na zikisuguana vizuri hewa inalia kama kengele ya kondoo. Mimi nilikuwa naita. Aliyeshika ngazi ni wifi yangu Lozana, mke wa mdogo wangu Krum.

Aliletwa bibi harusi kutoka kijiji cha pili, na siku ile ile ya harusi nilimwambia, "Sogea hapa, bibi harusi, tuone kama umekuja na sauti au umekuja na mashuka tu." Akasogea. Akaweka shavu lake kwenye shavu langu, akaburuta. Tangu hapo hatukuachana, harusini, kwenye mavuno, kwenye sikukuu ya mtakatifu wa kijiji. Watu walinisifu mimi, maana anayeita ndiye anayesikika. Yeye alikuwa anacheka tu.

"Waache wakusifu, wifi," alisema. "Wewe ndiye mwenye njaa nayo."

Kwa Lozana hiyo ilikuwa hotuba. Alikuwa mtu wa maneno machache kuliko chumvi kwenye chakula cha hospitali. Binti yao Iskra alikuwa Hispania akimtunza ajuza mmoja tajiri, na alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Lozana angeshika simu kwa vidole viwili kama anashika panya, angesema, "Haya, umekula? Vaa vizuri," halafu angempa Krum. Baada ya hapo angesimama mlangoni kusikiliza mpaka simu ikatwe.

Mdogo wangu Krum alikuwa fundi wa reli. Aliishi maisha yake yote kando ya vichwa vya treni, na treni zikamlipa kwa kumla masikio. Sauti za juu anazisikia. Za chini zinampita kama hazipo. Ukimnong'oneza haoni hata kwamba umesema. Alipostaafu alikaa uani akiangalia kuku mpaka kuku wenyewe wakachoka. Ndipo Iskra alipokuja likizo akamwachia kompyuta yake ya zamani, ndani yake kukiwa na programu ya kurekodi muziki.

"Ya bure, dada," Krum aliniambia akiwa ameegemea uzio unaotenganisha ua wake na wangu. "Huko duniani kuna watu wanakaa wanatengeneza kitu cha maana, halafu wanampa kila mtu bure."

"Na wao wanakula nini?"

"Sijui."

"Basi si wazima hao. Usiwafungulie mlango."

Akanunua na kipaza sauti. Kwanza alirekodi jogoo. Kisha alirekodi geti, nyuki, mvua juu ya bati, na mimi nikimtukana mbwa, jambo ambalo sikupewa taarifa yake. Alikuwa anakaa mbele ya kile kioo akitazama sauti. Nasema akitazama, kwa sababu kwenye programu ile sauti inajichora: ukipiga kelele inakuwa mlima, ukinyamaza inakuwa uzi. Kwa mtu aliyeibiwa masikio ilikuwa kama amepewa mengine, ya kwenye macho. Alifurahi kama mtoto. Sikumbuki kumwona akifurahi hivyo tangu alipoachishwa titi, na siku hiyo pia nilikuwepo.

Mwisho akatutaka sisi.

Alitoa nguo zote kwenye lile kabati kubwa la chumbani, akatundika mifarishi kila upande ili sauti isirudi rudi, akatuingiza humo wanawake wawili wazee na kile kipaza sauti katikati, kama kuku wanaopelekwa sokoni.

"Krum," nilimwambia, "nikifia humu, kwenye tangazo la msiba utaandika nini? Kwamba dada yako mpendwa alikutwa kabatini?"

"Nitaweka picha nzuri. Watu hawatasoma."

Lozana akacheka mpaka mifarishi ikatikisika.

Alijaribu kwanza kuturekodi mmoja mmoja. Alisema ndivyo wanavyofanya wenye ujuzi: mmoja anaimba leo, mwingine anakuja kesho anasikiliza kwa hedifoni na kuongeza yake juu, programu inazipanga kama matabaka ya keki. Nikaingia peke yangu. Nikafungua mdomo, na sauti ikatoka bila sakafu. Nilijisikia kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo gizani. Lozana naye akaingia na hedifoni, akatoka bila kutoa hata pumzi. "Hakuna shavu," alisema. Basi Krum akasalimu amri: mashavu mawili, kipaza sauti kimoja, sauti zote mbili zinaingia kwa mlango mmoja na kulala kitanda kimoja.

Tatizo lilikuwa friji. Iko jikoni nyuma ya ukuta wa chumba kile, na inanguruma kama mzee aliyekula maharage. Mwanzoni Krum alikuwa anaichomoa. Akasahau kuirudisha, jibini ikaharibika, Lozana akamwangalia kwa namna ambayo haikuhitaji maneno. Baada ya hapo friji ikaachwa ingurume.

"Nitaisafisha baadaye," alisema. "Programu ina kitufe cha kuondoa kelele. Unaionyesha kelele yenyewe, inaikariri, halafu unaiambia: hii, kila utakapoiona, toa."

Tulirekodi hivyo vuli nzima, wakati kijiji kizima kinanuka plamu zinazochemshwa kwa ajili ya rakia, ile pombe yetu kali. Lozana alikuwa ameanza kukonda. Alisema ni uzee. Kisha ikawa mapafu, na daktari wa mjini Pernik akamwambia Krum kando, kwenye korido, jambo ambalo Lozana alikuwa analijua kabla ya daktari. Hakuacha kuingia kabatini. Krum alimwekea kiti. Alikuwa anaburuta, anakatika, anavuta pumzi kidogo kama mtu anayekunywa kitu cha moto, anarudi pale pale alipoiacha sauti, wala hakosei. Wimbo ukiisha, mimi nikinyamaza, yeye alikuwa anabaki kidogo na ile sauti yake peke yake. Alifanya hivyo maisha yake yote. Nilimuuliza siku moja kwa nini.

"Wewe unashuka vibaya, wifi," alisema. "Lazima mtu abaki ameshika."

Alikufa wakati wa baridi kali, asubuhi, chai ikiwa mezani. Tukafunika vioo. Tukabandika tangazo lake getini, na kwenye nguzo ya umeme, na kwenye mlango wa duka, ile picha ya kitambulisho ambayo alionekana amekasirikia mpiga picha, maana nyingine hatukuwa nayo. Kamera akiiona alikuwa anaingia jikoni. Krum akaacha kunyoa, kama inavyotakiwa mpaka arobaini. Redio ikazimwa. Nyumba iliyofiwa haiimbi, na kwetu haiimbi mwaka mzima.

Iskra hakufika mazikoni. Ajuza wake huko Hispania naye alikuwa mlangoni mwa kaburi, na watoto wa ajuza wakasema akiondoka asirudi. Akaahidi kuja arobaini. Alipiga simu jioni ya mazishi, na Krum akaiweka kwenye spika ili na mimi nisikie.

"Baba," alisema, "mama hakuwahi kuongea na mimi. Miaka yote hiyo, 'umekula, vaa vizuri'. Nakaa hapa najaribu kukumbuka sauti yake, inakuja ya shangazi."

"Pole, mwanangu, yangu inaingia bila hodi," nikasema.

Akacheka kidogo, kisha akalia. "Nilipokuwa mdogo mlikuwa mnaimba mimi nimelala kifuani kwake. Sikuwa nasikia maneno. Nilikuwa namsikia yeye akiburuta humu ndani, kwenye mifupa. Nataka hiyo tu. Kwenye simu za watu nimetafuta, anasikika shangazi na mbwa. Baba, wewe unazo nyimbo zile. Nisafishie nikija nimsikie mama. Sitaki kitu kingine ndani ya nyumba hiyo. Hata kijiko."

"Utamsikia," Krum alisema. "Nakuahidi kama unavyoniona."

Iskra alikuwa hamwoni, lakini ndivyo Krum alivyosema.

Siku zilizofuata nilikuwa namwona dirishani, ndevu zimeota nyeupe kama ukungu wa mkate, mgongo umeinama mbele ya kompyuta. Nikamshukuru Mungu kwamba amepata la kufanya. Mwanaume aliyefiwa na hana la kufanya, kwetu hukutwa ameanguka kisimani au amelala kwenye reli.

Asubuhi moja alivuka ule uzio bila koti, kwenye theluji, na viatu vya ndani.

"Dada, njoo usikilize. Huenda ni mimi. Huenda ni masikio yangu."

Nilikwenda na unga mikononi. Akanivalisha hedifoni. Nikajisikia mwenyewe. Ni mimi tu, sauti nyembamba, yenye mapovu, kama mtu anayeimba ndani ya bati lililozamishwa mtoni. Nikangoja. Ule wimbo, mtu wa kuburuta anaingia kwenye neno la tatu. Neno la tatu likapita. Ubeti ukapita.

"Lozana yuko wapi?"

Krum akavuta kiti karibu na kioo.

"Krum. Nakuuliza. Lozana yuko wapi?"

Ndipo akanieleza, akinyoosha kidole kwenye kioo kana kwamba mimi naelewa vile vilima. Alitaka kuondoa friji. Programu inataka uionyeshe mahali ambapo kuna kelele peke yake, hakuna mtu anayeimba. Akatafuta kwa macho. Mwisho wa wimbo, baada ya mimi kunyamaza, akaona utepe mnene, ulionyooka, usio na kilima wala bonde, unaendelea wenyewe. Akasikiliza, hakusikia kitu, maana ulikuwa chini, kule ambako masikio yake hayafiki. Akajiambia, hii ndiyo friji. Akaipiga mstari, akaiambia programu: huu ndio uchafu, ukariri.

Haikuwa friji. Ilikuwa Lozana amebaki ameshika ngazi.

Na ile programu, kwa kuwa ni mtumwa mzuri, ikamkariri. Ikapita kwenye wimbo wote ikimtoa. Krum akaipitisha kwenye nyimbo zote kwa mkupuo mmoja. Kompyuta ikalalamika kwamba imejaa. Akahifadhi mpya juu ya zile za zamani. Ikamuuliza, una hakika? Akabofya ndiyo. Akafunga, akaenda kulala akiwa na furaha ya kwanza tangu mazishi.

"Hata friji yenyewe imetoka," alisema. "Wameondoka pamoja."

"Si ungesikiliza kwanza, we mwanaume!"

"Nilisikiliza." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Nilikusikia wewe, dada. Nikaona iko safi."

Nilitaka kumtukana, na mimi matusi ninayo ya kugawa. Hayakuja. Nimesifiwa maisha yangu yote kwa kusikika, na hapo kwa mara ya kwanza nilitamani niwe nimezaliwa bubu.

Alipanda basi akaipeleka kompyuta Pernik kwa mtu anayetengeneza. Yule mtu akamwambia kilichoandikwa juu ya kingine hakifukuliwi. Akarudi ameikumbatia kifuani kama jeneza la mtoto. Hakwenda kwake, alikuja moja kwa moja jikoni kwangu, akaketi.

"Wewe umeimba naye tangu ujana," alisema. "Unamjua kila pumzi. Ingia uburute. Nitaiweka chini ya yako. Iskra atasikia watu wawili, basi."

"Nyumba imefiwa, Krum. Haiimbwi."

"Kabatini nani atasikia?"

"Aliyekufa."

Akaisogeza kompyuta upande wangu. Kisha akasema, "Mara moja tu."

"Sijui kuburuta. Sikuwahi. Nilikuwa juu ya paa siku zote, nikipigiwa makofi. Na hata ningejua, niingie kifuani mwa mtoto nijifanye mama yake? Mwambie ukweli."

"Nimwambie nini? Mama yako nilimzika mara mbili, na mara ya pili nilifanya peke yangu, bila padri?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Hukumsikia? Hataki hata kijiko." Alikuwa anatazama mikono yake. "Nikimwambia, atageuza begi mlangoni. Huyu ndiye niliyebaki naye, dada. Wewe una miaka mingapi tena ya kunipikia supu?"

"Nenda kanyoe masikio," nikamwambia, kwa kuwa ndevu zilikuwa zimekatazwa. Akaenda. Sikujua nimemfukuzia wapi.

Siku chache baadaye nilikuwa nawamwagia kuku makombo nikasikia upande wa pili wa uzio sauti kama ya fahali aliyekwama kwenye matope. Nikadhani mnyama wa mtu amevunja geti. Nikazunguka mpaka chini ya dirisha la chumba cha Krum, nikachungulia. Mlango wa kabati ulikuwa nusu wazi. Miguu miwili ndani ya soksi za sufi, zile alizofuma Lozana, ilikuwa imetokeza nje. Ndani, kati ya mifarishi, mdogo wangu alikuwa anaburuta.

Kwetu mwanaume haimbi nyimbo za wanawake. Anapuliza zumari la ngozi ya mbuzi, anakunywa, anapiga kelele za kilevi, basi. Mwanaume kuburuta ni kama mwanaume kunyonyesha. Nami nimezaliwa na kicheko kibaya. Nikacheka pale kwenye theluji mpaka nikashika ukuta. Alikuwa anaanza, anakatika, anasema "hapana", anaanza tena. Akakatika. Akaanza. Kicheko kikaniishia mdomoni, nikabaki na mdomo wazi kwenye baridi.

Alirudia hivyo siku baada ya siku. Nilikuwa nahesabu kuku ili nisisikie. Mwishowe akaniita tena, na safari hii macho yalikuwa yanang'aa kwa namna ambayo sikuipenda.

"Kuna kitufe cha kupandisha sauti," alisema. "Unaingiza fahali, inatoka ndama. Nimenakili pale nilipopatia, nikabandika, nikabandika. Nimeirudishia na ngurumo ya friji kidogo, ile iliyonaswa nikiwa kabatini, ili ifiche viungo. Sikiliza."

Nikavaa hedifoni. Nikaja mimi, mwembamba, na kwenye neno la tatu chini yangu pakaingia kitu. Sikio langu likataka kukataa, na shavu langu la kulia likapata moto. Haikuwa yeye. Ilikuwa imenyooka mno, haina pumzi, zile fupi za mtu anayekunywa kitu cha moto. Lakini ilisimama pale pale alipokuwa anasimama, na tuliposuguana ile kengele ikalia. Nikavua nikazitupa mezani.

"Toa kitu hicho."

"Inafanana?"

"Krum, hicho si cha kumpa mtoto. Kimevaa nguo za marehemu."

"Ni sauti moja tu, dada. Mama yake alikuwa na sauti moja tu."

Nilimchapa na kitambaa cha vyombo usoni. Mwanaume mzima wa kustaafu. Akakipokea kile kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka mezani.

"Usimwambie," alisema. "Nakuomba kama ndugu. Mimi sina mtu mwingine wa kumpoteza."

"Sitamwambia," nikasema. "Na sitakusaidia."

Iskra akafika siku moja kabla ya arobaini, begi dogo, mashavu yameingia ndani kama ya mama yake mwishoni. Alimkumbatia baba yake muda mrefu pale getini, chini ya lile tangazo, na theluji iliyoyeyuka ilikuwa imeichujisha picha mpaka Lozana amebaki nyusi tu. Hakuulizia wimbo. Alisema, "Kesho, baba. Tukishamaliza yake, ndipo yangu."

Arobaini ikaenda inavyokwenda. Padri alisoma haraka kwa sababu ya baridi. Tukamwaga mvinyo juu ya udongo, tukagawa ngano ya kuchemsha yenye sukari na mikate. Watu wakaja nyumbani wakala, wakasema Lozana alikuwa mtu wa kimya, wakala tena. Mitra wa kinuni akanipa pole kwa sauti iliyosikika hadi bondeni. Baada ya chakula cha mchana wakaondoka mmoja mmoja. Tukabaki sisi watatu na sahani, jua la baridi likiingia mpaka katikati ya meza. Krum alikuwa amenyoa asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza. Alikuwa amejikata kidevuni, na alionekana mdogo, kama mtu aliyevuliwa.

"Sasa," alisema Iskra.

Krum akaleta kompyuta na ile spika yake ndogo, akaviweka kati ya mikate. Vidole vyake havikupata kitufe mara moja.

Nikaanza kuita ndani ya spika. Nikasikia Iskra anashusha pumzi. Neno la kwanza, la pili, na la tatu, na kile kitu kikaingia chini yangu. Iskra akasogeza kiti, akainama, akalaza shavu lake juu ya spika, taratibu, kama mtoto anavyotafuta mahali pake kifuani. Akafumba macho. Nilimwona jinsi ngurumo ile inavyopita kwenye taya lake.

Nikachota ngano nikajaza mdomo.

"Anaburuta vizuri," Iskra alisema bila kufumbua macho. "Mliniambia alikuwa hawezi kumaliza mstari."

"Siku hiyo alikuwa na nguvu," alisema Krum.

"Ilikuwa lini?"

"Vuli. Alikula vizuri. Akanywa na kikombe cha mvinyo. Alisema, hii iwe ya Iskra."

Hapo nilimtazama. Hakunitazama. Uongo ulikuwa umeanza kuzaa, na yeye alikuwa anaulea mmoja mmoja kama vifaranga.

"Alisema hivyo? Mama?"

"Kwa mdomo wake."

Machozi ya Iskra yakaanza kuteremka kwenye kitambaa cha spika. "Shangazi," aliuliza, "ulikuwa umesimama upande gani?"

Nikaonyesha kushoto kwa kijiko. Huo ulikuwa ukweli.

"Ni yeye, sivyo? Mbona nasikia kama... Sijui. Nimesahau kiasi hicho?"

Ngano ilikuwa imenijaa mdomoni, haimezeki. Krum akawahi.

"Nani mwingine? Ni mama yako. Naapa kwa ule udongo tuliotoka kuumwagia mvinyo."

Wimbo ukafika mwisho. Mimi nikanyamaza ndani ya spika, na ile sauti ya chini ikabaki peke yake, ikashikilia kidogo, ikaisha. Krum akanyoosha mkono kuzima. Iskra akaukamata mkono ule kwenye kifundo, bado amelala juu ya spika, bado amefumba macho.

"Acha iende," alisema. "Nataka nisikie na kimya chake."

"Hakuna kitu hapo, mwanangu. Imeisha."

"Acha."

Krum akauacha mkono wake mkononi mwa binti yake. Spika ikanguruma friji. Ubao wa kabati ukalia. Mtu akashusha pumzi ndefu. Kisha ikaja sauti, nyembamba, imepandishwa juu kama ya mtoto mdogo aliyeamka usiku na kukuta nyumba tupu, lakini kila neno lilikuwa la mdogo wangu.

"Loza," ilisema. "Loza, nisamehe. Najaribu, haiji. Nimekufuta kwa mkono wangu mwenyewe, Loza, sasa nitampa nini mtoto?"

Iskra akafumbua macho. Akainua kichwa, shavu limechorwa vitundu vya kitambaa cha spika, na hakuuachia mkono wa baba yake.

"Baba," alisema polepole. "Nani huyo anayemwita mama?"

"Ni mama yako," alisema Krum.

Na spika, mbele ya uso wake, ikakohoa kikohozi cha Krum mwenyewe.